Rangi ya pipi ya Pasaka

Wadau, leo naomba tuongee kuhusu rangi. Siyo rangi za vyama, wala zile za jezi zinazotugombanisha kila Simba na Yanga wanapokutana. Naongelea rangi ya pipi. Ile nyekundu inayobaki ulimini mpaka mwalimu anajua nani alikuwa anakula darasani. Rangi hiyo ina historia ndefu, ina maiti ndani yake na ina kesi mahakamani, na njia nzuri ya kuifuata ni kupitia sikukuu ambayo huku kwetu wala hatuihusishi na pipi: Pasaka.

Kwetu Pasaka ni Kwaresima, Ijumaa Kuu, mkesha, halafu pilau na nguo mpya, na mara nyingi mvua ya masika inayoharibu hizo nguo mpya kabla hujafika kanisani. Huko kaskazini mwa dunia mambo ni tofauti. Jumapili ya Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, yaani baridi inapoondoka, miti inapochipua na vifaranga vinapoanguliwa. Kwa hiyo pipi zao za Pasaka hufuata rangi za msimu huo: njano ya kifaranga, waridi, zambarau mpauko, kijani cha jani changa. Ukiingia duka la Marekani wiki hizo utadhani mtu amemwaga boksi la chaki za rangi kwenye sukari.

Ilianza na mayai, na sababu yake ni ya jikoni kabisa. Katika Kwaresima ya zamani huko Ulaya Wakristo walikatazwa nyama, na kwa karne nyingi mayai pia. Lakini kuku hajui Kwaresima. Anaendelea kutaga. Siku 40 zikiisha, kila nyumba ina lundo la mayai yanayotakiwa kuliwa haraka, na watu wakaanza kuyachemsha na kuyapaka rangi, kwanza nyekundu, kwa vitu walivyokuwa navyo kama maganda ya vitunguu. Hesabu za ikulu ya mfalme Edward I wa Uingereza za mwaka 1290 zinaonyesha senti 18 za wakati ule zilitumika kununua mayai 450 ya Pasaka, ambayo yalipambwa kwa rangi na kwa dhahabu. Mtu mkubwa, yai la dhahabu. Mtu mdogo, ganda la kitunguu.

Yai la sukari lilikuja baadaye sana, kwa kuwa sukari yenyewe ilikuwa bado dawa na kiungo cha matajiri. Neno letu sukari limetoka kwenye Kiarabu, Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, na safari ya neno ndiyo safari ya bidhaa. Halua ya Maskati na ya Unguja imo kwenye njia hiyo hiyo, na imetangulia mbali pipi yoyote ya kiwandani. Ulaya ilipata sukari ya bei nafuu pale tu ilipoanza kuwatia Waafrika majahazini na kuwapeleka kulima miwa Brazil na visiwa vya Karibi. Hilo najua mnalijua, sitalirefusha. Nataka tu tukumbuke kwamba utamu ulishuka bei kwa sababu kuna watu hawakulipwa.

Sasa sukari ikishakuwa ya kila mtu, muuza pipi anabaki na tatizo moja: sukari iliyochemshwa ina rangi nyeupe, au kahawia ikiungua. Mtoto mwenye senti moja mkononi hanunui kahawia, ananunua nyekundu. Rangi nzuri za kuliwa zilikuwepo, zafarani kwa njano na wadudu wakavu kutoka Meksiko kwa nyekundu, ila zilikuwa ghali. Rangi za mafundi wa nyumba zilikuwa rahisi. Mnaona tunakoelekea.

Mwaka 1820 mkemia Mjerumani aliyeishi London, Friedrich Accum, alichapisha kitabu kuhusu vyakula vilivyochakachuliwa. Jaladani alitumia maneno ya Wafalme wa Pili sura ya 4, pale wanafunzi wa Elisha wanapogundua mauti ndani ya chungu. Kuhusu pipi aliandika kwamba zile nyekundu zilitiwa rangi inayotengenezwa kwa zebaki, nayo mara nyingi ilichanganywa na risasi, na nyingine zilitiwa rangi za shaba. Zebaki, risasi na shaba, kwenye mdomo wa mtoto wa miaka 4. Na Accum hakuishia hapo, alitaja majina ya wafanyabiashara wenyewe. Kwa mwandishi wa habari kama mimi, kinachofuata kinasikitisha lakini hakishangazi. Muda mfupi baadaye alishtakiwa kwa kuchana kurasa za vitabu vya maktaba, na mwaka 1821 akarudi zake Ujerumani. Huenda kweli alizichana. Lakini waliotajwa kwenye kitabu hawakulia alipoondoka.

Miaka 30 baadaye daktari Arthur Hill Hassall alirudia kazi ile kwa darubini, na jarida la Lancet likachapisha matokeo. Pipi za njano zilikuwa na kromati ya risasi, yaani rangi ile ile ya kupakia magari ya farasi. Watu wakasoma, wakatikisa kichwa, wakaendelea kununua.

Kilichowaamsha ni peremende. Ndiyo, peremende, neno tulilolichukua kwa Waingereza pamoja na pipi yenyewe. Oktoba 1858, mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Wakati huo sukari ilitozwa kodi, kwa hiyo watengeneza pipi walipunguza gharama kwa kuongeza unga wa jasi, hii hii tunayopigia dari. Mtengeneza pipi mmoja, Joseph Neal, alimtuma mtu duka la dawa kufuata jasi. Mwenye duka alikuwa mgonjwa, msaidizi wake akachota kwenye pipa ambalo halikuwa na maandishi ya kueleweka. Alichopima, ratili 12, kilikuwa aseniki. Ikachanganywa na sukari na mafuta ya peremende, ikakatwa vipande. Muuzaji wa sokoni, William Hardaker, alipofika kuzichukua aliona hazina rangi ya kawaida. Alifanya nini? Aliomba apunguziwe bei. Akapunguziwa, na Jumamosi jioni akaziuza kwenye meza yake sokoni. Watu wapatao 20 walikufa, wengi wao watoto, na zaidi ya 200 waliugua.

Hakuna aliyefungwa. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa kwa namna ambayo mahakama ingeweza kuishika. Kutia jasi kwenye pipi hakukuwa kosa, na kuuza aseniki kutoka pipa lisilo na lebo hakukuwa kosa lenye adhabu ya maana. Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya uchakachuaji mwaka 1860, dhaifu, kwa kuwa iliziachia halmashauri ziamue zenyewe kama zitaajiri mkemia. Sheria yenye meno ilikuja mwaka 1875. Mwaka mmoja kabla yake kodi ya sukari ilikuwa imefutwa, na nadhani kufutwa kwa kodi hiyo kuliondoa jasi kwenye pipi kuliko hotuba zote za bungeni.

Wakati huo huo rangi zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini kwenye maabara, maana malaria ilikuwa inawaua Waingereza kwenye makoloni yao na kwinini ya magome ya mti ilikuwa haitoshi. Hakupata kwinini. Alipata matope meusi ambayo, alipoyasafisha, yalitoa zambarau nzuri ajabu. Malighafi yake ilikuwa lami ya makaa ya mawe, takataka ya viwanda vya gesi. Kutoka kwenye takataka hiyo wakemia wakatoa nyekundu, machungwa, kijani, bluu, mamia ya rangi, kwanza kwa nguo. Tone moja lilipaka sufuria nzima, halikuwa na ladha, halikupauka. Watengeneza pipi hawakuhitaji kushawishiwa.

Hapa ndipo jiko la nyumbani linapoingia. Marekani ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa na sukari ya bei rahisi na akina mama wasiozipenda zile pipi za senti moja za dukani. Vitabu vya mapishi vikaanza kuwa na sura nzima ya pipi, na kitabu maarufu cha Fannie Farmer cha Boston, cha mwaka 1896, ni mmoja wa mifano. Huko Syracuse msichana Mary Elizabeth Evans alianza kuuza pipi za jikoni kwao akiwa bado kijana mdogo, biashara ikakua, na mwaka 1919 akatoa kitabu cha siri zake. Neno la kuuzia lilikuwa hilo hilo: za nyumbani. Maana yake, mnajua kilichomo.

Mayai ya Pasaka ya nyumbani yalitengenezwa hivi, na bado yanatengenezwa hivi. Unachemsha sukari na maji, unatia limau kidogo ili isirudi kuwa chenga, unasubiri ifike kama nyuzi 115 za Selsiasi. Ukidondosha tone kwenye maji baridi linakuwa kidonge laini unachoweza kukifinya. Unaipua, unaiacha ipoe bila kuigusa kabisa, hapo ndipo wengi wanaposhindwa kuvumilia, halafu unaikoroga kwa nguvu. Ile sharubati inayong'aa ghafla inageuka nyeupe na nzito. Unaikanda kama unga wa chapati, unagawa mafungu, kila fungu tone la rangi yake, unaviringisha mayai madogo. Mengine unayachovya kwenye chokoleti. Pennsylvania kuna makanisa ambayo waumini wake hukusanyika kila Kwaresima kutengeneza mayai ya aina hiyo, ya nazi na ya karanga, na kuyauza kwa ajili ya mfuko wa kanisa. Ukiwajua akina mama wa kanisa lolote la Tanzania na vitumbua vyao vya harambee, basi unalijua na hilo.

Ila tazama lile tone la rangi. Sukari ni ya nyumbani, mikono ni ya nyumbani, limau limekamuliwa mbele yako. Rangi imetoka kwenye kichupa, na kichupa kimetoka kwenye lami ile ile ya Perkin. Mama wa Boston aliyeikimbia pipi ya dukani aliibeba rangi yake kwenye kikapu cha soko. Hili ndilo lililonifanya niandike leo, kwa kuwa nasi tunaiamini sana hiyo lebo ya "nyumbani".

Kilichosaidia hakikuwa jiko bali sheria. Mwaka 1906 Marekani ilipitisha sheria ya chakula safi, baada ya miaka ya kelele za mkemia wa serikali Harvey Wiley. Mtaalamu Bernhard Hesse akakabidhiwa mamia ya rangi zilizokuwa sokoni achague zipi zibaki. Mwaka 1907 orodha ikatoka: rangi 7 tu. Nimeifuatilia orodha hiyo na inasomeka kama tangazo la misiba. Rangi ya machungwa iliondolewa katikati ya miaka ya 1950, baada ya watoto kuugua kwa pipi zilizotiwa rangi hiyo kwa wingi kwenye sherehe ya Halloween ya mwaka 1950. Zikafuata njano, nyekundu moja, na kijani. Mwaka 1976 ikaondoka Nyekundu Namba 2. Kati ya zile 7 zikabaki mbili, bluu moja na Nyekundu Namba 3.

Hiyo Namba 3, jina lake la kitaalamu eritrosini, inatupeleka mji unaoitwa Bethlehem. Siyo ule wa Biblia, ni Bethlehem ya Pennsylvania, ulioanzishwa na Wamoravian mwaka 1741, kanisa lile lile lililofika Rungwe mwaka 1891 na ambalo sasa lina waumini wengi Tanzania kuliko nchi nyingine yoyote. Huko ndiko iliko kampuni ya Just Born, iliyoanzishwa na Sam Born, mhamiaji Myahudi kutoka Urusi. Mwaka 1953 aliinunua kampuni ndogo ya Rodda ya mji wa Lancaster, ambako akina mama walikuwa wakikamua vifaranga vya mashimelo kwa mkono, ile pipi laini kama sponji, kimoja kimoja, kwa mfuko wa kupambia keki. Kifaranga kimoja, tangu kuchanganywa hadi kukauka, kilichukua saa 27. Mtoto wake Bob akatengeneza mashine, na leo ni dakika 6. Ndivyo pipi ya mkono ilivyogeuka kuwa Peeps, vile vifaranga vya njano, waridi na zambarau ambavyo kwa Wamarekani wengi ndiyo Pasaka yenyewe.

Waridi na zambarau zilitokana na Nyekundu Namba 3. Mwaka 1990 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliipiga marufuku rangi hiyo kwenye vipodozi, kwa sababu panya waliolishwa kwa wingi walipata saratani ya tezi la shingo. Kwenye vipodozi, nasisitiza. Kwenye chakula ikabaki. Kwa miaka 35 ilikuwa haramu kuipaka mdomoni na halali kuimeza. Tuwe wa haki: FDA yenyewe imesema jinsi inavyowadhuru panya haitokei kwa binadamu, na kwamba watu hula kidogo sana kulinganisha na panya wale. Lakini sheria yao inakataa rangi yoyote inayosababisha saratani hata kwa mnyama, na sheria ni sheria. California ilipitisha marufuku yake Oktoba 2023, Just Born wakasema wataacha kuitumia baada ya Pasaka ya 2024, na Januari 15, 2025 FDA ikaifuta rasmi, ikiwapa watengenezaji wa vyakula hadi Januari 2027. Tangu 1907 hadi 2025. Piga hesabu mwenyewe ni Pasaka ngapi.

Sasa turudi nyumbani, maana hatuna vifaranga vya mashimelo lakini tuna ubuyu. Sijui kama kuna pipi nyekundu zaidi ya ubuyu wa Zanzibar duniani. Halafu kuna kashata za nazi zenye tabaka la waridi, na ile rangi ya njano ya biriani inayouzwa kwenye vipaketi vidogo, ambayo mara nyingi ni tartrazini, E102. Hiyo ni moja ya rangi 6 ambazo Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2010, unalazimisha zibebe onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Onyo hilo lilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliochapishwa 2007. Hapa kwetu usalama wa chakula ulihamishwa mwaka 2019 kutoka TFDA kwenda TBS, na kwa pipi ya kiwandani unaweza kutafuta alama. Kwa ubuyu wa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, utatafuta alama wapi?

Nilimuuliza mama mmoja wa mtaani kwetu, mzaliwa wa Tanga, ambaye anatengeneza ubuyu na kusomesha watoto kwa ubuyu huo. Nilimkuta anakoroga sukari, maji, iliki, pilipili manga na arki ya vanila. Shikamoo mama, hiyo rangi ni ya aina gani? "Marahaba mwanangu. Ni ya chakula." Akanionyesha kipaketi. Kimeandikwa hivyo hivyo, rangi ya chakula, nyekundu. Hakuna namba, hakuna jina, hakuna kiwanda. Hana kosa, amenunua kilichopo dukani, kama yule mama wa Boston.

Basi tukajaribu choya. Rangi ya choya ni nyekundu pakiwa na uchachu, ukitia magadi inageuka bluu chafu, na hapo ubuyu una bahati kuliko pipi zote, maana ni mchachu wenyewe. Manjano ni kinyume chake, ikiguswa na magadi inakuwa nyekundu ya kutu. Bitiruti ina rangi tamu sana ila ikichemka muda mrefu inachoka, unaitia mwishoni. Tulichemsha choya kikavu vikombe viwili kwa maji kidogo mpaka yakabaki mazito, tukatumia maji hayo kuchemshia sukari, kisha tukamimina mbegu na kugeuza mpaka zikashika.

Ubuyu uliotoka una rangi ya zabibu, imeiva, haing'ai, na haukai kwenye ulimi. Ladha mimi naona imezidi ile ya kawaida. Mama akaonja, akaonja tena. "Mtamu. Lakini mtoto akirudi shule ulimi haujawa mwekundu, atasema kaibiwa."

Nikamuuliza atafanyaje. Akasema wiki ya Pasaka watoto wakiwa likizo atatoa ndoo mbili, moja ya choya na moja ya kipaketi, bei moja, aone ipi itaisha kwanza.